Jina la Mkwe

Huko Mlali, enzi za Mdachi, hapakuwa na mwanamke aliyejua kupika pombe ya uwele kama Anyesi, na mwenyewe alilijua hilo. Hakuwa mtu wa kujisifu. Alingoja wewe useme, akakataa kwa upole, kisha akangoja useme tena. Mumewe alifariki mwaka wa njaa, akamwachia nyumba ya tembe, mbuzi wachache na binti mmoja, Loisi. Mwalimu wa misheni alimbatiza Anyesi na kumkataza pombe, naye Anyesi akaitikia vizuri kabisa. Lakini mwalimu yule hakuwa na binti wa kuozesha, na asiye na binti atajuaje mkwe hupokelewa na nini?

Tena mkwe mwenyewe hakuwa wa hivi hivi. Yotham alikuwa dereva wa gari la maksai. Gari lilikuwa mali ya Abdulkadiri, mfanyabiashara wa Dodoma ambaye babu yake alikuja na misafara ya pembe za ndovu, akaona visima, akaona watu, akasema basi, hapa panatosha. Lilikuwa gari refu lenye turubai, magurudumu manne yaliyovikwa chuma, na jozi za maksai mbele yake. Lilikwenda vijijini na chumvi na kaniki, likarudi mjini na ngozi, samli na magunia ya uwele.

Nyuma ya gari, kwa nje kidogo, palikuwa na breki. Ulikuwa ni mkono wa chuma wa kuzungusha, na ukiuzungusha, vipande viwili vya gogo vilibana magurudumu ya nyuma, na hapo gari lililia kilio cha kusikika ng'ambo ya mlima. Kazi ya breki ilikuwa ya Rajabu, mwenzake Yotham wa safari zote. Mmoja alikaa mbele na mjeledi, mwingine alikaa nyuma na breki, na hivyo ndivyo walivyoshuka milima yote kutoka huku mpaka Dodoma bila kuvunja hata chungu. Ila safari hii Rajabu alishikwa na homa, akabaki Kongwa, na Yotham akaja Mlali peke yake.

Alikuja kumchukua mkewe. Loisi alikuwa amerudi kwa mama yake kujifungua, kama ilivyo desturi kwa mtoto wa kwanza, na mtoto alikuwa ameshaanza kucheka. Walimwita Bartolomayo, jina kubwa kuliko yeye mwenyewe. Kwa kuwa mama yake Yotham alikuwa marehemu na Dodoma hapakuwa na mtu wa kumsaidia Loisi kulea, ilikubaliwa kwamba Anyesi naye aende, akae na binti yake mpaka mtoto atambae.

Sasa hapo palikuwa na jambo, na lazima nilieleze, maana bila hilo hadithi hii haieleweki. Mama mkwe na mkwewe wa kiume hawakutazamana usoni. Hawakula chombo kimoja, hawakupeana mkono, na mama mkwe hakuthubutu kulitaja jina la mkwe, wala mkwe kumsemesha mama mkwe moja kwa moja. Wakikutana njiani, kila mmoja alijifunika na kupita pembeni. Haikuwa chuki hata kidogo. Ilikuwa heshima, na heshima yenyewe ilikuwa nzito kuliko mzigo wa kuni. Kama palikuwa na neno la kusemwa, alisemeshwa mtu wa tatu, na kama mtu wa tatu hayupo, alisemeshwa mtoto mchanga, au mbwa, au hata kinu. "Wewe kinu, mwambie mgeni chakula tayari." Na mgeni alikishukuru kinu.

Siku ya kuondoka, Anyesi alitoa pombe aliyoipika siku nyingi na kuilinda kama yai. Majirani walijaa uani. Methusela, mdogo wa marehemu mumewe, ndiye aliyekuwa mkubwa wa shughuli, na Methusela alikuwa mkubwa wa kila shughuli yenye kibuyu. Yotham aliketi upande mmoja wa ukuta, Anyesi upande wa pili, na Loisi akawa anakwenda na kurudi na maneno yao, mtoto mgongoni.

Kibuyu cha kwanza Yotham alikipokea kwa mikono miwili, akanywa kidogo, akakirudisha.

"Mwambie mama nashukuru sana," alimwambia mkewe. "Lakini nina gari, na leo Rajabu hayupo. Mimi nitaonja tu."

Loisi akazunguka ukuta, akayasema hayo. Anyesi alivisikia vikohozi vya majirani, akajua kesho kisimani yatasemwa yapi: mkwe wa Anyesi ameonja, ameacha. Alimpenda sana kijana yule kwa upole wake, na ndiyo maana aliumia. Kama angekuwa mkwe wa kuchukiza asingejali.

"Muulize mgeni kama pombe yangu imechacha," alisema.

Jibu likarudi. "Anasema haijachacha. Anasema hajapata kunywa pombe kama hii tangu azaliwe."

"Basi mwambie, kwangu kibuyu hakirudi na kitu ndani."

Yotham akanywa, akamaliza. Kikaja kingine. Methusela akakishika mwenyewe, akampelekea, akasimama juu yake kama mtu anayenywesha ndama dawa.

"Baba mdogo, njia ina mteremko," Yotham alisema.

"Njia inajuliwa na maksai," Methusela akamjibu, na ua mzima ukacheka. "Wewe kazi yako ni kukaa tu. Mimi nimelewa mara ngapi malishoni, na ng'ombe wamenileta mpaka mlangoni? Mke wangu hushukuru ng'ombe, hanishukuru mimi."

Usiwacheke haraka. Walikuwa watu wa ng'ombe, na waliyosema waliyaona kwa macho yao. Hakuna aliyekuwa hajamwona mlevi akirudishwa nyumbani na kundi lake, yeye nyuma anayumba, ng'ombe mbele wanakwenda sawasawa kama wana dira. Walichosahau ni kwamba ng'ombe wa malishoni hana mzigo nyuma yake unaomsukuma. Lakini nani angelikumbuka hilo uani pale, jua likiwa zuri na pombe ikiwa nzuri zaidi?

Loisi alimwinamia mama yake sikioni. "Mama, yatosha sasa. Huyu akinywa hulala."

"Alale mbele ya mkwewe?" Anyesi alisema. "Mwanaume mwenye adabu kama yule? Mpelekee hiki, kisha tunaondoka."

Na hicho nacho Yotham alikinywa. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Yotham alilisikia la mkuu, akalisikia tena, na akalisikia tena.

Waliondoka mchana, watu wakiwasindikiza kwa vigelegele mpaka mwisho wa mashamba. Yotham alikaa mbele kwenye sanduku lake, mjeledi mkononi. Loisi alikaa katikati, juu ya ngozi. Anyesi alikaa nyuma kabisa, pale pa Rajabu, kisogo kwa mkwewe, kaniki kichwani, akiitazama njia waliyokwisha kupita. Hivyo ndivyo adabu ilivyotaka. Mbele ya gari hakuona hata ukwato wa maksai.

Mwanzoni safari ilikuwa tamu. Yotham aliimba. Aliwaita maksai wake kwa majina na kuwasimulia habari za mkewe, kwamba amerudi mnene, kwamba amemzalia dume, na Loisi akawa anacheka na kuziba mdomo kwa aibu ya mama yake. Anyesi naye alitabasamu ndani ya kaniki. Alisema moyoni, hata akilewa ni mtu mwema. Ni kweli, alikuwa mtu mwema. Tena wema wake ndio uliomfanya anywe.

Wimbo ukapungua, ukawa mguno. Gari lilirukaruka juu ya mizizi, na Loisi, ambaye kiuno chake kilikuwa bado hakijapona vizuri, akashindwa kuvumilia.

"Mama, nishikie mtoto. Nitatembea kidogo."

Gari la maksai halimwachi mtu anayetembea. Aliruka chini, akajinyoosha, akawa anafuata nyuma akizungumza na mama yake. Baadaye akasema anaingia kichakani mara moja, atawakuta mbele. Anyesi akamwona akipotea nyuma ya mikalala na mitunduru. Akambembeleza Bartolomayo, akafunika uso wake asipigwe na jua.

Basi ikawa Anyesi, na mjukuu, na mkwe, na katikati yao hapana mtu.

Alijua wamefika juu ya mlima kwa sababu njia ilipotea. Dakika moja aliiona yote, nyekundu, mpaka kule kwenye kichaka cha Loisi, na mara ikakatika, akabaki anaona ukingo wa mlima na mbingu. Gari likainamia mbele. Anyesi akangoja asikie Yotham akiruka chini, aje nyuma, akaze breki. Yeye mwenyewe alijiandaa kujifunika vizuri na kusogea kando ili ampishe pasipo kugusana.

Hapakuwa na mtu aliyeruka chini.

Akakohoa. Kikohozi cha mama mkwe kilikuwa lugha kamili, na kila mkwe aliyelelewa vizuri alikielewa. Akakohoa tena kwa nguvu. Gari liliongeza mwendo kidogo, na vyombo ndani vikaanza kugongana.

"Bartolomayo," alisema kwa sauti, "mwambie baba yako tunateremka."

Bartolomayo alikuwa akinyonya kidole.

"Nyie maksai, mwambieni mwenyewe breki haijakazwa."

Maksai walikuwa na yao. Wale wa nyuma, karibu na magurudumu, walikuwa wanasukumwa na gari, na anayesukumwa na mzigo kama ule hana la kufanya ila kukimbia. Anyesi alisikia kwato zao zikibadilika, kutoka hatua hadi mchakamchaka. Jiwe lilirushwa na gurudumu likapita karibu na sikio lake. Chini kule, alijua, njia ilipinda kabla ya kuingia mtoni, na kwenye pindo lile ukingo ulikuwa mrefu kuliko mtu, na chini yake mawe. Akamkumbatia mtoto. Na hata hapo, jamani, hata hapo alikohoa mara nyingine.

Kisha akageuka.

Kwa mara ya kwanza tangu Loisi aolewe, alimtazama mkwewe. Alimwona kijana amejikunja kwenye sanduku, kidevu kifuani, mjeledi umeshamponyoka, mdomo wazi kidogo kama wa mtoto aliyeshiba. Amelala. Alikuwa mdogo kuliko alivyomdhania.

"Yotham!" alipiga kelele. "Yotham, amka!"

Yotham aliamka. Aliinuka na kugeuka kwa pamoja, macho mekundu, hajui yuko wapi, na kitu cha kwanza alichokiona duniani ni uso wa mama mkwe wake, wazi, unamtazama. Mtu asiye na pombe kichwani angeona mteremko. Angeona mtoto. Lakini kilichobaki macho ndani ya Yotham kilikuwa kile tu alichofundishwa tangu utoto, kile ambacho hata pombe haikifuti. Alivuta shuka akafunika uso, akageukia pembeni kwa heshima. Gurudumu likapanda jiwe. Akaanguka upande uleule aliokuwa ameugeukia, na gari likapita juu ya mguu wake.

Anyesi alisikia mtikiso mdogo tu, kama wa kupita juu ya mzizi. Hakuwa na nafasi ya kulia. Alimsukumiza mtoto katikati ya magunia, akaushika mkono wa breki kwa mikono miwili, akauzungusha. Hakuwa amefundishwa. Alikuwa ameona Rajabu akifanya hivyo kila gari lilipopita, kama watu wote walivyoona, na aliwaza siku zote kwamba ni kazi ya wanaume wa safari. Akazungusha mpaka ngozi ya viganja ikachubuka. Magogo yakauma chuma, gari likalia kilio chake, likaburura maksai upande, na likasimama kabla ya pindo, wale maksai wa nyuma wakiwa wamepiga magoti.

Bartolomayo alilia kwa hasira ya kuamshwa. Sauti ile Anyesi aliisikia ikiingia mwilini mwake kama maji ya moto wakati wa baridi. Alimbeba, akapanda mlima anakimbia, akamkuta Yotham njiani amelala kifudifudi, anajaribu kuinuka na hajui kwa nini hawezi. Mguu kuanzia chini ya goti haukuwa mguu tena. Anyesi alichana kaniki yake, akafunga juu ya jeraha, akakaza, akakiweka kichwa cha mkwewe mapajani mwake. Yotham alifumba macho asimwone.

Loisi akatokea juu ya mlima, akaona, akaja mbio huku anaanguka na kuinuka. Yotham aliposikia sauti ya mkewe akatafuta mkono wake. Meno yalikuwa yanagongana.

"Mwambie mama anisamehe," alisema. "Mwambie pombe yake ilikuwa nzuri."

Kichwa chake kilikuwa mapajani mwa mama huyo huyo. Loisi alimtazama mama yake, akashindwa kulirudia neno hilo. Hakukuwa na haja. Anyesi alikuwa amelisikia, na miaka mingi baadaye, akiwa bibi wa wajukuu kibao, alikuwa akilisikia bado. Angetukanwa ingekuwa nafuu.

Watu wa Mlali walikuja kwa kelele za Loisi. Waliopombeka waliondokewa na pombe njiani. Methusela alipoona mguu ule alivua kofia, akakaa chini, akalia kweli, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Lakini alipokwisha kulia akauliza ilikuwaje, na Anyesi akamweleza yote, na alipofika pale alipoita jina, Methusela akainua mkono.

"Hapo," alisema. "Hapo hapo. Umemtaja mkwe. Mchana kweupe umemwita jina lake na kumtazama. Unadhani ni nini kilichomwangusha?"

Wengine wakatikisa vichwa. Waliona mambo yamejulikana. Neno lilienda mdomo kwa mdomo hata kabla hawajampakia majeruhi: mwiko umevunjwa, mwiko umevunja mguu. Litafanyika tambiko, atachinjwa mbuzi, mama mkwe na mkwe watakunywa pamoja kibuyu kimoja, na mambo yatarudi yalivyokuwa. Na Anyesi, niseme ukweli wake, alijisikia kupumua. Kama kosa ni jina, basi pombe haina kosa. Na kama pombe haina kosa, yeye alikuwa tu mwanamke aliyeogopa akapiga kelele, na nani hawezi kumsamehe mwanamke aliyeogopa?

Walimpeleka misheni kwa gari lile lile, Methusela mwenyewe akitembea mbele ya maksai kwa mguu, breki ikishikwa na kijana asiyekunywa. Daktari Mzungu aliukata mguu chini ya goti. Yotham alilala huko mpaka mvua zikaanza. Loisi alikaa ndani naye. Anyesi alikaa nje, mgongo ukutani, akimlea mtoto, maana tambiko lilikuwa bado, na kabla ya tambiko hakuruhusiwa hata kupita mlangoni. Usiku na mchana alisikia kijana akiguna kwa maumivu upande wa pili wa ukuta. Alitaka kumwambia neno, hata moja. Hakuwa na njia ya kulipitisha. Mambo mengine hayabebeki na mtu wa tatu.

Abdulkadiri alikuja kumwona dereva wake, akakaa naye muda mrefu, akatoka macho mekundu. Alimwambia Loisi kwamba dukani kuna kazi ya kushona magunia, mumewe akipona aje. Kuhusu gari hakusema. Lilikwisha kupata dereva mwingine.

Yotham alipoweza kutembea kwa gongo la kuegemea, Methusela akapanga siku ya tambiko. Alimtumia Anyesi mjumbe apike pombe, tena ile yake nzuri. Siku ikafika. Majirani wakajaa uani kama mara ile. Mbuzi alikuwa amefungwa kwenye kigingi. Yotham alikalishwa kwenye kigoda, gongo pembeni, shuka usoni. Loisi akakaa karibu naye na mtoto, ambaye sasa alikuwa anatambaa na kula udongo. Wakangoja pombe.

Anyesi akatoka ndani mikono mitupu.

"Shemeji, pombe iko wapi?" Methusela aliuliza.

"Sikupika."

"Hukupika vipi? Utatakaswa na nini?"

"Sitaki kutakaswa," Anyesi alisema. "Mkinitakasa mwiko unarudi. Mwiko ukirudi mimi nanyamaza. Siku ile mjukuu wangu alikuwa mikononi mwangu na gari linakimbilia mawe, na mimi nikawa nakohoa. Nikazungumza na mtoto mchanga. Nikazungumza na ng'ombe. Mtu mwenyewe alikuwa pale, pombe yangu tumboni mwake, nami nazungumza na ng'ombe."

"Shemeji, ilikuwa jina..."

"Haikuwa jina. Jina lilimwamsha. Kilichomlaza nilikipika mimi, na wewe ukamshikia kibuyu." Hakusema kwa ukali. Methusela aliinamisha kichwa. "Alituambia ana gari. Alituambia njia ina mteremko. Alisema nitaonja tu, na mimi nikaitumia heshima yake kwangu kumnywesha. Nilikuwa na mdomo wa kumwambia anywe. Sikuwa na mdomo wa kumwambia asipande gari. Desturi gani hiyo, inayonipa mdomo mmoja na kuninyima mwingine?"

Mwanamke mmoja kule nyuma aliinuka akaenda zake, akasema hawezi kukaa palipo na laana. Wengine wakabaki, wengi wao kwa kutaka kuona tu. Loisi alikuwa analia bila sauti.

Anyesi akavuka ua. Hakupita pembeni, hakujifunika. Alikwenda mpaka mbele ya kigoda, akachuchumaa chini kwenye vumbi ili uso wake uwe sawa na wa mkwewe, na ile shuka ilikuwa inatetemeka kidogo kwa pumzi ya mtu aliye ndani yake.

"Yotham," alisema. "Ni mimi niliyekukata mguu. Funua uso uniambie lolote unalotaka. Usinitumie mtu."

Mbuzi alisikika akitafuna kamba yake. Mkono wa Yotham ukapanda polepole, ukaishika shuka, ukaiteremsha mpaka mabegani. Macho yake yalikuwa yamejaa machozi, na aliyainua kwa shida, kidogo kidogo, mpaka yakakutana na ya mama mkwe wake.

"Iliniuma, mama," alisema. "Iliniuma sana."